Neno "Trust" na Maana Zake

Katika lugha ya Kiingereza liko neno fupi la herufi tano, nalo ni "trust". Mtoto wa shule hulijua mapema, kwa kuwa huambiwa ya kwamba maana yake ni kuamini, naye huliandika katika daftari lake na kupata alama. Akikua hulikuta tena katika hati ya mirathi, na katika jina la kampuni, na katika habari za dola na ardhi; na kama kila mahali akilitia maana ile moja aliyofundishwa, hupotea njia asijue ya kuwa amepotea. Nimelichagua neno hili miongoni mwa maneno mengi ya jinsi yake kwa sababu kupotea huku hakukuishia darasani. Wako watu katika Afrika ya Mashariki walioondolewa katika ardhi iliyokuwa ikishikwa kwa jina hilo, na nchi nzima ya Tanganyika ilitawaliwa chini yake kwa muda wa miaka 15.

Wataalamu wa lugha wasema neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka kwa watu wa kaskazini, wale waliovuka bahari zamani wakaivamia Uingereza, na wengi wao wakakaa huko. Kwao "traust" ilikuwa nguvu, au msaada, au kitu ambacho mtu aweza kukiegemea kisianguke. Maana hii ya kuegemea ingalimo katika neno hata leo. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili, mahali pengi palipo na neno hilo katika Kiingereza, wao waliweka kutumaini, nao walifanya vema; kwa sababu kuamini kwaweza kuwa ni kukubali kwa akili tu ya kwamba jambo fulani ni kweli, bali kutumaini ni kuuweka mzigo wako juu ya mwingine.

Katika biashara, Waingereza wa zamani walisema kununua kwa trust, yaani kuchukua bidhaa leo na kulipa baadaye. Watu wa pwani wana jina lao kwa jambo la jinsi hiyo: mwenye duka akimpa mchuuzi bidhaa akauze kwanza, ndipo alete fedha, huitwa mali kauli. Ni jina zuri, kwa kuwa kinachoshikilia deni ni kauli ya mtu, basi. Hata gerezani neno limeingia, kwani mfungwa aliyeaminiwa na askari akapewa kazi na nafasi kuliko wenzake, Kiingereza humpa jina litokalo katika neno hili. Sisi twamjua kwa jina la mnyapara, ambalo halina sifa ya uaminifu hata kidogo.

Mpaka hapa neno ni la moyoni. Sasa twaingia katika sheria, na huko ndiko lilikobadilika tabia.

Katika karne za kati, mwenye shamba huko Uingereza hakulimiliki kama mtu anavyolimiliki jembe lake. Alilishika kutoka kwa bwana mkubwa, na bwana huyo alilishika kutoka kwa mwingine, mpaka kufika kwa mfalme. Mwenye shamba akifa, mrithi wake hakuingia ila kwa kulipa. Mrithi akiwa mtoto, yule bwana mkubwa aliushika ulezi wake, akala mapato ya shamba mpaka mtoto akue, na hata kumwoza kulikuwa ni haki ya bwana, naye aliweza kuiuza haki hiyo kwa mtu mwingine. Tena ardhi haikuweza kuusiwa katika wasia kwa sheria ya ufalme. Basi watu wakatafuta hila. Mtu akiwa mzima na afya yake, aliwapa rafiki zake watatu au wanne shamba lake lote, kwa jina na kwa hati, akawaambia: lishikeni ninyi, lakini mapato yawe yangu maadamu ni hai, nami nikifa yawe ya mke wangu na mwanangu. Rafiki hawa hawakufa wote siku moja; mmoja akifa, waliobaki walimtia mwingine mahali pake. Kwa hiyo yule bwana mkubwa alikaa akingoja mauti ya kudaia malipo yake, na mauti hayo hayakuja.

Watawa wa Mtakatifu Fransisko nao waliufuata mpango wa jinsi hiyo kwa sababu nyingine. Walifika Uingereza mwaka 1224, nao walikuwa wameweka nadhiri ya kutomiliki kitu. Hata hivyo walihitaji paa juu ya vichwa vyao. Basi watu wema wa mjini waliishika nyumba kwa jina lao, ili watawa wakae humo wasiwe na mali.

Hatari ya mpango huu yaonekana wazi. Je, rafiki wale wakiwa si waaminifu? Mjane alikwenda katika mahakama ya mfalme akalia kwamba shamba ni la marehemu mumewe, na rafiki zake wamemfukuza. Mahakimu walitazama hati, wakaliona jina la rafiki, wakasema: shamba ni la huyu, wewe huna haki. Na kwa kuifuata hati hawakukosea. Ndipo watu wa jinsi hiyo walipoanza kumwandikia mfalme mwenyewe, na mfalme akawapeleka kwa Chansela wake, mshika muhuri wa ufalme, ambaye katika siku zile mara nyingi alikuwa askofu. Chansela hakuwa na haja ya kubishana juu ya hati. Alimwita yule rafiki mbele yake, akamwapisha, akamwuliza alichoahidi. Kisha hakumwambia kwamba shamba si lake. Alimwambia kwa maana hii: shamba ni lako, naam, lakini dhamiri yako imefungwa, utalitumia kwa faida ya mjane huyu, ama utakwenda gerezani.

Nawaomba mtue kidogo juu ya hukumu hii, kwa kuwa maana yote ya kisheria ya trust imo humo. Shamba moja likapata wenyewe wawili kwa wakati mmoja, mmoja mwenye jina, na mmoja mwenye faida. Mwenye jina hulima, hupangisha, hushtaki na kushtakiwa, na hati zote hutiwa sahihi naye; lakini tunda lote ni la mwenziwe. Kiko na kitu cha tatu, nacho kilikuwa chumba cha Chansela, mahali ambapo mwenye faida aweza kumwita mwenye jina atoe hesabu. Kikiondolewa hicho, wale wawili hubaki tajiri na mwombaji.

Mfalme Henry wa 8 aliona hazina yake inapungua kwa hila hii, akapitisha sheria ya kuivunja mwaka 1536. Lakini watu wakachukizwa sana, na mwaka 1540 ilimbidi kuruhusu ardhi iusiwe kwa wasia. Wanasheria nao walitafuta tundu katika ile sheria ya kwanza mpaka wakalipata, na katika karne ya 17 mpango ule ule wa zamani ulikuwa umesimama tena, sasa kwa jina la trust. Tangu hapo ulienea katika mambo mengi. Kabla ya sheria ya mwaka 1882, mali ya mke wa Kiingereza kwa sehemu kubwa iliangukia mkononi mwa mumewe, basi baba mwenye uwezo aliyemwogopa mkwewe alimwekea binti yake mali katika trust, isiguswe.

Jinsi mahakama ile ilivyokuwa kali twaiona katika kesi moja ya mwaka 1726, ambayo wanafunzi wa sheria husomeshwa hata leo. Huko Romford, karibu na London, palikuwa na soko lililokodiwa kwa muda wa miaka, na mwenye kulikodi alipokufa alimwachia mtoto mdogo haki hiyo, ikashikwa na mtu mzima kwa niaba ya mtoto. Muda ulipokaribia kwisha, yule mtu mzima alimwendea mwenye soko, akaomba amkodishe mtoto tena. Mwenye soko akakataa, asitake kufanya mapatano na mtoto ambaye sheria haiwezi kumbana. Basi yule mtu mzima akalikodi kwa nafsi yake. Hakuiba, wala hakudanganya mtu, wala mtoto asingelipata soko lile kwa vyovyote. Hata hivyo Chansela, Lord King, aliamuru alitoe soko kwa mtoto pamoja na faida aliyokwisha kupata. Mtu mwingine yeyote angaliweza kulikodi, ila yeye peke yake. Kwa kuwa mshika mali ya mwingine akiruhusiwa kufaidika pale mwenye mali anapokosa, kila mshikaji atakuwa na sababu ya kutamani mwenye mali akose. Wako wasomaji watakaoona hukumu hii ni ya kuonea. Mimi naiona ni ya busara, na nitairudia tutakapofika kwenye habari za ardhi.

Sasa tuulize, Kiswahili kina neno gani kwa mpango huu? Mtu wa Lamu au wa Unguja atajibu upesi kwamba kwao uko wakfu, yaani nyumba, shamba au kisima kilichotengwa kwa ajili ya msikiti, au maskini, au kizazi cha mtu, na msimamizi wake hukitunza asiweze kukiuza apendavyo. Kufanana kupo kweli, hata wako wanachuoni waliodhani kwamba Waingereza walijifunza mpango wao kwa Waislamu katika siku za vita vya msalaba, ingawa wengine hawakubali. Lakini viko tofauti. Wakfu hukusudiwa kudumu, na wanachuoni wengi wa sheria ya Kiislamu wasema mali yenyewe hutoka katika miliki ya wanadamu. Trust ya Kiingereza yaweza kufanywa kwa miaka michache tu, na mali humilikiwa na mshikaji kwa jina lake.

Neno jingine ni amana. Hili lina shina moja na imani, na kuamini, na uaminifu, na hata amani, kwa kuwa yote yatoka katika herufi tatu za Kiarabu; kwa hiyo msiwacheke sana Waingereza kwa neno lao lenye matawi. Amana ni kitu cha mwenzio ulichowekewa, nacho utakirudisha kama kilivyo. Katika Biblia ya Kiswahili Paulo amwagiza Timotheo kuilinda amana, na Kurani yaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Ni neno tukufu, ila lina upungufu mmoja: fedha ya amana hukaa katika kasha mpaka mwenyewe aje, bali katika trust mshikaji yampasa kuitumia, kuikodisha, kuizalisha, na kuamua mambo.

La tatu ni udhamini, na hapo ndipo matata yalipo. Tazameni jinsi serikali mbili za nchi moja zilivyochagua. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na katika jina lake la Kiingereza pale penye amana pana neno trust. Tanzania Bara iko Wakala ya Usajili, Ufilisi na Udhamini, na pale penye udhamini pana neno lile lile. Basi neno moja la Kiingereza likivuka mkono wa bahari kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam hubadili jina. Na mdhamini, kwa watu wengi, ni mtu aliyemwekea mwenziwe dhamana: mshtakiwa asipofika mahakamani, au mkopaji asipolipa, yeye hushikwa. Siku hizi hata kampuni itoayo fedha kwa mchezo wa mpira huitwa mdhamini.

Matata haya huonekana kila mahali panapoundwa bodi ya wadhamini, na bodi hizo ni nyingi, kwa kuwa makanisa, misikiti na vyama huziandikisha ili kushika ardhi na majengo yao. Mzee wa heshima akiambiwa amechaguliwa kuwa mdhamini, mara nyingi huuliza kwanza, je, shule ikidaiwa, nitauziwa ng'ombe wangu? Hilo ni swali la mdhamini wa deni. Mwingine hakuulizi kitu, lakini akiona jina lake limeandikwa kwenye hati ya kiwanja, hudhani kimekuwa chake, na akifa wanawe huja kukidai katika mirathi. Huyo naye ameangukia upande wa pili. Mdhamini wa deni huulizwa, utalipa? Mdhamini wa mali huulizwa, umeifanyia nini, na hesabu iko wapi? Afadhali tungalilishika neno la kabidhi, ambalo lingali limo katika cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu, kwa kuwa laonyesha mtu aliyekabidhiwa kitu. Lakini lugha haifuati shauri la mwalimu, na udhamini umekwisha kuota mizizi.

Tuvuke sasa bahari hadi Marekani, ambako neno hili jema liligeuka kuwa tusi. Katika mwaka 1882 John D. Rockefeller na wenziwe walikuwa na kampuni nyingi za mafuta ya taa katika majimbo mbalimbali, na sheria za majimbo hazikuruhusu kwa urahisi kampuni moja kumiliki nyingine. Wakili wao akaukumbuka mpango wa zamani wa Waingereza. Wenye hisa wa kampuni zipatazo 40 wakazitoa hisa zao kwa watu tisa, wadhamini, nao wakapewa hati za kuonyesha sehemu yao ya faida. Kwa hiyo watu tisa waliokaa katika chumba kimoja waliweza kuamua bei ya mafuta ya taa katika sehemu kubwa ya Marekani, na jambo hili lote liliitwa Standard Oil Trust. Wenye viwanda vya sukari na vya pombe kali wakafuata mfano. Katika miaka michache, mkulima wa Marekani akisikia neno trust hakufikiri juu ya mjane wala mtoto yatima; alifikiri juu ya kundi la matajiri walioungana ili asiwe na mahali pengine pa kununua. Bunge lao likapitisha sheria ya kuwapinga mwaka 1890. Mahakama ya jimbo la Ohio ikauvunja mpango wa Rockefeller mwaka 1892. Wakaujenga upya kwa umbo lingine, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi ikaivunja kampuni yao ikawa vipande 34. Hata leo Wamarekani huziita sheria za kuzuia mtu mmoja kushika soko lote kwa jina la kupinga trust, ingawa kampuni zinazoshtakiwa siku hizi hazina wadhamini wa namna hiyo hata kidogo. Jina limebaki kama debe, ambalo kwanza lilikuja na mafuta ya taa, nasi tungali tukipimia mahindi.

Huko Uingereza, mwaka 1895, Octavia Hill na wenziwe wawili walianzisha chama cha kununua na kupokea misitu, pwani na nyumba za kale ili zisiharibiwe, wakakiita National Trust. Na sheria ya mwaka 1907 ikakipa uwezo wa kutangaza ya kwamba ardhi fulani haitauzwa milele. Basi katika muda ule ule, upande mmoja wa bahari neno lilikuwa la walafi, na upande wa pili la watunzaji. Kisha likaingia katika mchezo. Washauri wa Franklin Roosevelt, wengi wao maprofesa, walipewa mwaka 1932 jina la trust ya akili, kana kwamba wamekusanya akili kama Rockefeller alivyokusanya mafuta. Na kuanzia mwaka 1941 BBC ilikuwa na kipindi cha redio chenye jina kama hilo, ambacho wataalamu walijibu maswali ya wasikilizaji.

Neno limo pia katika mambo ya akiba. Tangu mwaka 1868 London ilikuwa na mfuko ambao watu wa fedha kidogo waliweka pamoja ili inunuliwe hati nyingi za serikali za nchi mbalimbali. Na Tanzania mfuko wa Umoja, wa mpango wa jinsi hiyo, ulifunguliwa mwaka 2005. Nasema hili kwa ajili ya onyo moja. Mtu akisikia kwamba fedha yake imewekwa katika trust, hupenda kudhani ameahidiwa haitapungua. Hakuahidiwa hivyo. Ameambiwa tu nani anaishika na kwa faida ya nani. Lakini bei ya hisa ikishuka, itashuka.

Nimefika kwenye ardhi na utawala, ambako neno hili liligusa watu wetu wenyewe. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba huko Kenya inashika trust kwa ajili ya Waafrika, na kwamba faida yao ndiyo itakayotangulia. Mwaka 1930 ikatungwa sheria ya ardhi za wenyeji, nayo ilikuwa na neno trust katika jina lake. Ilisema ardhi zilizotengwa ni kwa matumizi ya wenyeji milele, na kama kipande kikitakiwa kwa kazi ya umma, watapewa kipande kingine cha kadiri ile ile, na baraza lao litaulizwa kwanza. Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ilionekana Kakamega. Na mwezi wa Desemba 1932 sheria ilibadilishwa, ili ardhi yenye madini iweze kutolewa pasipo kutoa nyingine badala yake, na pasipo kuliuliza baraza. Milele ile ilidumu kwa miaka miwili.

Likumbukeni sasa soko la Romford. Chansela alimkataza mshika mali asifaidike hata pale ambapo mtoto asingepata kitu. Kakamega mshika mali ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuibadili hati, na mwenye faida hakuwa na chumba cha Chansela cha kukimbilia. Watu wengi Uingereza walilalamika, lakini malalamiko si hukumu. Neno lilikuwa lile lile la mahakamani, ila kile kitu cha tatu hakikuja pamoja nalo.

Tanganyika mambo yalikuwa tofauti kidogo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza nchi hii iliyokuwa ya Wajerumani, na mkataba wa shirikisho hilo uliuita ustawi wa watu wa nchi za namna hiyo amana takatifu. Mwezi wa Desemba 1946 Umoja wa Mataifa ulikubali Tanganyika iwe nchi ya udhamini, na Ruanda-Urundi vivyo hivyo mikononi mwa Ubelgiji. Hapa palikuwa na kitu ambacho koloni la Kenya na nchi za hifadhi za Uganda na Zanzibar hazikuwa nacho. Mtawala alipaswa kupeleka habari kwa Baraza la Udhamini kila mwaka. Wajumbe wa Baraza walikuja kuitazama nchi kila miaka mitatu, wa kwanza wakaja mwaka 1948. Na mwenyeji yeyote aliruhusiwa kulipelekea Baraza barua ya malalamiko.

Wameru waliijaribu njia hii. Mwezi wa Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili mahali pale pagawiwe Wazungu wafugaji wa ng'ombe. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 mtu wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, pamoja na wakili Earle Seaton, akaeleza yaliyowapata. Fikirini umbali huo: mtu wa mlima Meru amwita mshika mali yake atoe hesabu mbele ya mataifa yote. Waingereza walilazimika kujibu. Lakini Umoja wa Mataifa haukuwa na gereza la kumtia mdhamini asiyesikia, kama Chansela alivyokuwa nalo, na Wameru hawakurudishiwa ardhi yao kwa amri yake. Walichopata ni kwamba hesabu imesomwa hadharani, nao wenzao katika Tanganyika wakajua kwamba mlango upo. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alipita katika mlango huo huo, akasema mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Udhamini ulikwisha tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru. Rwanda na Burundi zikafuata tarehe 1 Julai 1962. Baraza lenyewe lilisimamisha kazi zake mwaka 1994, baada ya Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa chini yake, kujitawala. Ukumbi wake ungaliko New York, na mikutano mingine hufanyika humo.

Wageni wameondoka, lakini neno halikuondoka. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, imewekwa mkononi mwa Rais awe mdhamini kwa niaba ya raia wote. Kenya, baada ya uhuru, mabaraza ya wilaya yalishika ardhi za wenyeji kwa trust kwa muda wa miaka mingi, na malalamiko yalikuwa mengi kwamba washikaji waligawa walichopewa kutunza. Katiba ya mwaka 2010 iliita ardhi hizo ardhi za jamii, ikataka kila jamii iandikishwe na kushika yake. Ile ambayo haijaandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti, kwa trust, na sheria ya mwaka 2016 imeikataza kaunti kuiuza au kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Tena sheria hiyo imesema, serikali ikiitwaa ardhi ya namna hiyo na kuilipia, kaunti itaiweka fedha katika hesabu ya peke yake ya benki, yenye kuzaa faida, mpaka jamii iandikishwe. Ndipo jamii ikabidhiwe fedha pamoja na faida iliyozaliwa.